Benki ya Chakula, Tawi la Mkoa

Redio ya Bi. Idah ndiyo iliyoanzisha mambo yote. Kama betri zake zingekuwa zimekufa asubuhi ile, Kisilu angemaliza chai yake, angepangusa midomo na kwenda zake Githurai kuwauzia watu saa zisizotembea.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na saba. Mvua ya vuli ilikuwa imepita juu ya Thika bila kumsalimia mtu. Kule Ngoliba, ambako hata mwaka ukiwa mzuri mahindi huota kwa kubembelezwa, mabua yalikuwa yamekauka yakiwa urefu wa goti, na watu walikuwa wameanza kupika vitu ambavyo zamani walikuwa wakiwatupia mbuzi. Ndani ya hoteli ya Bi. Idah, karibu na steji ya Thika, wanaume walikuwa wakililia kiangazi hicho kwa uchungu mwingi, huku vinywa vyao vimejaa chapati.

Ndipo mtangazaji akasema kwamba huko ng'ambo kuna kitu kinaitwa benki ya chakula. Wenye ziada huweka, ghala huhifadhi, wenye njaa huchukua. Halafu akaendelea na habari za mpira.

“Benki?” akauliza mzee Macharia.

Mzee Macharia alikuwa na duka la jumla kule Ruiru, na nyuma ya duka alikuwa na stoo iliyojaa mahindi na maharagwe mpaka kwenye mabati. Hakuwa anauza. Alikuwa anangoja. Kila jioni alitoka nje akaangalia mbingu, na akiona haina wingu, alilala vizuri.

“Sasa hiyo benki,” akasema, akilamba kijiko, “inalipa riba?”

Watu wakacheka. Kisilu, aliyekaa meza ya pili ndani ya suti yake ya kijivu, hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, kama mtumishi wa Mungu aliyesikia akiitwa kwa jina.

“Mzee, samahani kwa kuingilia,” akasema. “Umeuliza swali ambalo hata kule ofisini hawakutarajia mtu yeyote aulize.”

“Ofisi gani?”

Kisilu akatazama mlangoni, akatazama jikoni, akavuta kiti karibu. “Singetaka kusema mambo haya hapa. Lakini kwa sababu umeyagundua mwenyewe, nitafanya nini? Mimi ndiye meneja. Tawi la mkoa.”

“Mkoa gani?”

“Wote.”

Macharia akamtazama suti, akamtazama viatu. Viatu vilikuwa vinang'aa kwa juu, na Kisilu alikuwa amejifunza zamani kutoinua miguu. “Na riba?”

“Riba ya gunia ni gunia, mzee. Unaweka moja, wafadhili wakishusha meli Mombasa, unachukua mawili.”

Bi. Idah alikuwa amepangusa meza ya jirani kwa muda mrefu kuliko meza yoyote iliyowahi kupanguswa katika hoteli ile. Mkono wake ukasimama.

“Na maharagwe?” akauliza.

“Maharagwe pia, mama. Hata mafuta ya kupikia.”

“Ngai!” akasema Bi. Idah, akakaa.

Hivyo ndivyo benki ilivyozaliwa, na tusimlaumu sana Kisilu. Yeye alikuwa amekuja kunywa chai tu. Wazo walimletea wenyewe, limekunjwa vizuri, likabaki kufunguliwa.

Mwenzake katika kazi hizi alikuwa Tahir, mtu wa makamo mwenye pikapu iliyochoka na watoto ambao hawakuchoka kula. Tahir ndiye aliyepata stoo ya bure nyuma ya stesheni ya reli, jengo lililokuwa likiwekwa ngozi zamani na ambalo bado lilinuka ng'ombe siku za jua. Kisilu akanunua rangi ya buluu, akaandika ukutani kwa herufi za mtu anayejiamini: BENKI YA CHAKULA, TAWI LA MKOA.

Tahir akasoma, akajikuna kidevu. “Buda, na makao makuu yako wapi?”

“Mbali.”

“Mbali wapi?”

“Makao makuu mazuri yote yako mbali, Tahir. Yakiwa karibu watu huenda kuuliza maswali.”

Mzee Macharia alikuwa wa kwanza kuweka. Alikuja na lori lake, akasimamia kila gunia likishuka kama anayewapeleka wanawe shule ya bweni. Mwisho akanyoosha mkono.

“Risiti.”

“Mzee,” Kisilu akasema kwa huzuni, “wewe umesoma magazeti. Umeona benki za pesa zinavyofunga milango asubuhi wenye pesa wakiwa bado wanaoga. Hizo zote zilikuwa na risiti. Karatasi ndiyo imeua mashirika ya nchi hii. Wafadhili wamechoka na karatasi, wanataka sura. Mimi nimekuona, wewe umeniona. Watu wa kodi wamekuona?”

“Hapana,” akasema Macharia haraka.

“Basi.”

Macharia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na sababu zake mwenyewe za kuziogopa karatasi, aliona hatimaye amepata benki inayomwelewa.

Kila mwekaji aliambiwa anyamaze, maana nafasi ni chache. Walinyamaza kabisa, kila mmoja kwa tamaa yake, na matokeo yake ni kwamba walikuwa wakikutana mlangoni. Bi. Idah alifika na mkokoteni wa maharagwe uliofunikwa turubai, akamkuta Macharia juu ya lori la mahindi.

“Mzee, kumbe uko huku?”

“Mimi? Napita tu,” akasema Macharia, akiwa amekalia gunia.

Akaja diwani mmoja, akaja mwenye kinu cha kusaga kutoka Mugutha, wakaja wengine wawili watatu ambao kwa kanisa walikuwa watu wa mbele. Wiki chache baadaye stoo ile ya ngozi ilikuwa imejaa, na Kisilu alikuwa akitembea kati ya magunia mikono nyuma, akivuta harufu ya mahindi makavu kama anayepita kwenye bustani ya maua.

Kosa lake lilikuwa maandishi ya ukutani. Aliyaandika yasomwe na matajiri, akasahau kwamba maskini pia wanajua kusoma.

Wa kwanza kuja walikuwa akina mama kutoka Ngoliba waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka hospitalini. Waliona neno “chakula”, wakasimama. Hawakubisha wala hawakuomba. Walikaa tu chini ya ukuta, viondo vitupu magotini, wakingoja benki ifunguliwe. Kesho yake walikuwa wengi zaidi, na kati yao kulikuwa na mzee mmoja aliyevua kofia kila Kisilu alipopita.

“Waambie waende,” Kisilu akamnong'oneza Tahir.

“Waambie wewe. Mimi nikimtazama yule mzee naona marehemu baba.”

Wakiwa hapo wanasukumana kwa macho, akaja mwanamke mwembamba aliyejifunga leso mbili, mkononi ameshika mwiko mrefu kama mkuki. Tahir akanyooka.

“Shikamoo, shangazi.”

Hakuwa shangazi yake. Thika nzima, upande ule wa msikiti, walimwita Amida shangazi, kwa sababu alikuwa na sufuria kubwa iliyolisha kila aliyefika bila kumuuliza anasali wapi. Lakini kiangazi kilipozidi, waliokuwa wakimletea unga walianza kupita njia nyingine, na sufuria ilikuwa imekaa wiki nzima imefunikwa kifudifudi.

“Bwana Meneja,” Amida akasema, “nimesikia una benki. Wateja wako hawa wanaungua na jua.”

“Mama, hii benki ni ya kuweka. Kuna utaratibu, kuna riba...”

“Riba mimi sijui. Dini yangu hairuhusu. Mimi najua kupika.” Akawatazama waliokaa chini ya ukuta. “Nipe gunia moja la mahindi na nusu ya maharagwe. Nitakutunzia stoo, nitakufagilia, nitakuwa hapa mlangoni kila siku. Watu wananijua.”

Kisilu alikuwa karibu kusema hapana, lakini neno lile la mwisho lilimgusa mahali. Watu wananijua! Yeye, kwa kazi yake, alikuwa ameishi maisha yake yote akiomba asijulikane. Akauona mlango wake ukiwa na mwanamke mwaminifu amesimama mbele, na nyuma ya mwanamke huyo magunia, na nyuma ya magunia yeye mwenyewe, salama. Gunia moja lilikuwa bei ndogo sana kwa uso kama ule.

“Mama,” akasema kwa sauti ya kanisani, “benki imekuajiri.”

Siku hiyo githeri ilipikwa nyuma ya stesheni, na watu walikula mpaka wakakumbuka kuongea. Tahir naye alipewa bakuli. Alikula amesimama, halafu akakaa, halafu akazungumza na Amida kwa muda mrefu kwa sauti ya chini. Kisilu aliwaona, akadhani wanazungumzia chumvi.

Mambo yalikuwa shwari mpaka mzee Macharia alipopita na kuikuta laini ya watu imezunguka jengo.

“Atiriri!” akasema, amemshika Kisilu mkono kwa nguvu. “Hawa watu wanakula nini?”

“Githeri, mzee.”

“Githeri ya nani? Hiyo si riba yangu wanakula?”

Hapa ndipo panapotakiwa kipaji. Mtu wa kawaida angetokwa na jasho. Kisilu alitabasamu kwa huruma, kama daktari anayemweleza mgonjwa kwamba dawa ni tamu.

“Mzee, hawaili riba yako. Wanaitengeneza. Wewe unadhani mfadhili analipa kwa kuangalia magunia? Magunia atayaonea wapi, na yeye yuko ng'ambo? Anahesabu vichwa. Kila kichwa kinachokula hapa, kule kwao wanatoa gunia. Bila hawa, meli haiondoki.”

Macharia akageuka akaitazama laini tena. Macho yake yalibadilika. Watu waliokuwa wezi dakika moja iliyopita sasa walikuwa shamba linaloota.

“Na mbona ni wachache hivi?” akauliza kwa hasira.

Kesho yake lori la Macharia liliingia likiwa limejaa watu kutoka Mugutha. Mwenyewe alikuwa mbele na dereva, akipiga kelele dirishani: “Shukeni, shukeni! Kuna chakula! Usiseme umeshiba nyumbani, nani ameshiba siku hizi?” Keshokutwa alituma lori mpaka Ngoliba. Diwani naye, asikubali kuachwa nyuma, akaleta kata nzima. Bi. Idah alifunga hoteli mchana, akaja na upawa wake mwenyewe, akasimama kando ya Amida.

“Kula, baba. Hiyo umeacha ni ya nani? Wewe, mbona unaondoka? Rudi kwa laini! Mama, mtoto huyu amekula mara moja tu, mnataka nichekwe?”

Walioongoza kwa ubahili kati ya Ruiru na Thika walikuwa sasa wakigombania watu wa kuwalisha. Mwenye kinu alisaga unga bila kuitisha hata senti, ili kuwe na uji wa asubuhi kwa wale wasio na meno, maana aliambiwa kichwa kisicho na meno ni kichwa vilevile. Watu wa Ngoliba, ambao hawakujua lolote kuhusu riba, waliona ajabu. Walikuwa wamezoea misaada inayokuja na hotuba ndefu na unga mfupi. Sasa walipigiwa honi na matajiri na kubembelezwa wale tena. Watoto walianza kukimbia. Yule mzee wa kofia, Kitheka, alipata nguvu ya kugombana na watu kuhusu siasa.

Kisilu aliyatazama haya yote kutoka mlangoni, na wakati mwingine, mtu akimwita “baba yetu meneja”, alihisi kitu kifuani ambacho hakikuwa cha kawaida. Alidhani ni harufu ya ngozi.

Lakini kazi ni kazi. Kila jioni Amida alimkaribisha ndani aangalie mali.

“Bwana Meneja, njoo uone magunia yako.”

Naye aliyaona, yamepangwa safu kwa safu mpaka juu, manene, yameshonwa vizuri, ingawa watu walikuwa wakila kila siku. Aliona waziwazi kwamba wawekaji wanaleta kuliko walaji wanavyokula, na akashukuru. Hakuwahi kugusa gunia la nyuma. Suti ya kijivu ilionyesha vumbi haraka sana.

Kule Githurai 45 alikuwa na mtu anaitwa Kaleli, mnunuzi wa vitu visivyo na historia. Wakapatana: mzigo wote, siku moja, mchana kweupe. Kisilu aliichagua Ijumaa saa za swala, kwa sababu Amida angekuwa msikitini. Tahir pia angekuwa msikitini, na hilo lilikuwa na faida yake, maana Kisilu alikuwa ameamua kwamba pesa zikigawanywa huumia.

Ijumaa ikafika. Stoo ilikuwa kimya, sufuria iko nje peke yake ikitoa moshi. Kaleli aliingia na lori na wapagazi wawili, mtu mnene mwenye macho ya kupima. Alitoa bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho wafanyabiashara wa nafaka huchomea gunia, akalidunga gunia la mbele. Mahindi meupe yakamiminika kiganjani. Akadunga la pili. Maharagwe. Akatafuna punje, akatikisa kichwa kwa heshima.

“Mali safi,” akasema, akampa Kisilu bahasha nene. Kisilu akaiingiza ndani ya koti, upande wa moyo.

“Pakieni haraka,” akasema. “Swala si ndefu.”

Safu ya kwanza ilipakiwa. Mpagazi mmoja akaliendea gunia la safu ya pili, akatema mate mikononi, akapinda magoti, akakaza shingo, akalinyanyua kwa nguvu zake zote. Gunia likaruka kama kuku. Mpagazi akaenda kinyumenyume nalo mpaka ukutani, akaketi chini, gunia juu yake, hana maumivu yoyote ila mshangao.

“Hii ni nini?” akauliza Kaleli.

Akadunga bambo. Ikatoka vumbi la mbao. Akadunga lingine. Magunzi. Akadunga la juu, la chini, la kando. Vumbi la mbao, magunzi, vumbi la mbao, na katika moja, pengine kwa ajili ya kubadilisha ladha, maganda ya kahawa.

Rangi ilimtoka Kisilu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kusimama upande ule wa udanganyifu, na alishangaa jinsi kulivyo na baridi.

“Kaka, mimi mwenyewe...”

Kaleli alimshika ukosi akamnyanyua mpaka viatu vikaonyesha nyayo zao kwa mara ya kwanza, na nyayo hazikuwepo. “Unanichezea mimi? Mimi wa Forty-five?”

“Mwache ashuke, utamrarulia koti,” ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Amida, mwiko mkononi. Nyuma yake Tahir.

“Si mko msikitini?” Kisilu akasema kwa sauti iliyobanwa.

“Mimi nina sufuria motoni, mwanangu. Na huyu,” akamwonyesha Tahir, “ameswali, amerudi. Alikuwa na wasiwasi na wewe. Aliona umemuuliza mara nyingi sana swala inaisha saa ngapi.”

“Tahir! Wewe?”

“Buda, niliambia shangazi kila kitu siku ya kwanza,” Tahir akasema, akitazama chini. “Sikuwa hata nimemaliza bakuli. Ungejaribu wewe kula chakula cha huyu mama na umnyamazie.”

“Chakula changu kiko wapi?” Kisilu akauliza.

“Kimeliwa,” Amida akasema. “Kingine Tahir amekipeleka Ngoliba na ile pikapu. Kuna wagonjwa kule, kuna wazee, hao hawawezi kupanda lori la mtu. Kila nyumba imepata. Fundi wa mbao alinipa vumbi bure, nikashona magunia mwenyewe. Niliona ukitazama magunia yamejaa unatulia. Nikasema acha nikutulize.”

Kaleli hakuwa amekuja kusikiliza hadithi. “Mama, mimi sina neno na wewe. Nataka bahasha yangu nitoke.” Akaupeleka mkono kwenye koti la Kisilu.

Wakati huohuo honi ikalia nje. Lori la mzee Macharia lilikuwa linaingia, na juu yake akina mama wa Ngoliba walikuwa wakiimba. Mbele, kati ya dereva na Macharia, alikaa chifu na kofia yake. Nyuma kulikuwa na askari wawili wa utawala, mzee Kitheka akiwa katikati yao akiwaeleza makosa ya serikali. Bi. Idah naye alikuwa anavuka reli na upawa wake.

“Nilimwalika chifu aje kuwashukuru wawekaji,” Amida akasema taratibu, akimtazama Kaleli. “Huyu bwana tumwambie amekuja kufanya nini?”

Kaleli akaangalia magunia, akaangalia askari. Mwaka ule kukutwa ukinunua chakula cha wenye njaa ilikuwa kesi, na kabla ya kesi ilikuwa mawe. Mkono wake ukatoka kwenye ukosi wa Kisilu polepole, ukaupangusa ukosi, ukaunyoosha.

“Karibu, chifu!” Amida akaita. “Tuna mgeni kutoka Githurai. Amesikia habari zenu, akashindwa kulala.”

“Haiya! Ameleta nini?” chifu akauliza.

Watu wote walimtazama Kaleli. Kaleli alimtazama Kisilu, na Kisilu alimtazama Kaleli, na hakukuwa na watu wawili katika mkoa mzima walioelewana vizuri zaidi.

“Mchango,” Kaleli akasema, kama mtu anayetema jino. “Anao meneja.”

Kisilu akafungua koti. Vidole vyake vilikataa kidogo, lakini mwisho vikatoa bahasha, na Amida akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Akina mama wakapiga ngemi, vile vigelegele vya furaha, mpaka njiwa wa stesheni wakaruka. Na wapagazi wa Kaleli, kwa kuwa walikuwa wakitazamwa, waliteremsha safu ile ya kwanza kutoka kwenye lori na kuirudisha ndani wakiwa wameshika wimbo.

Chifu akapanda juu ya gunia la vumbi la mbao, likambonyea, akaongea akiwa ametitia mpaka magotini.

“Nimekuwa chifu miaka mingi,” akasema, “na nimeona matajiri wengi. Lakini sijaona kama mzee Macharia hapa na mama Idah, na diwani, na huyu wa kinu. Watu waliotoa stoo zao bila kutaka kurudishiwa hata punje!”

Mzee Macharia akafungua mdomo.

“Hata punje!” chifu akarudia, na watu wakapiga makofi.

Macharia akaufunga mdomo. Akageuka kumtafuta Kisilu kwa macho, na katika uso wa Kisilu akasoma kila kitu: hakuna meli, hakuna Mombasa, hakuna gunia la pili, na la kwanza limekwenda. Pengine angepiga yowe hapo hapo. Lakini cucu mmoja, bibi kizee kutoka Ngoliba, mdogo, mkavu, alikuwa ameshamfikia. Alimshika mkono, akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, kama wazee wanavyofanya, akasema, “Wajukuu wangu wako hai. Nawe uishi.”

Hakuna mtu aliyewahi kumbariki mzee Macharia kwa jambo lolote. Alisimama amejishika shati mahali palipolowa. Aliangalia laini yote ile, watu aliowapigia honi mwenyewe, na inaonekana kwa mara ya kwanza hakuwahesabu.

“Si kitu, cucu,” akasema kwa sauti nzito. “Si kitu.” Kisha, akipita karibu na Kisilu, akanong'ona bila kusogeza midomo: “Wewe ukikanyaga Ruiru, nitakusaga.”

Kaleli naye hakuondoka mikono mitupu. Kabla ya kupanda lori lake alimvuta Kisilu nyuma ya mlango, akamvua koti kwa upole wa fundi cherehani, akalikunja begani. “Hii suti niliipenda tangu Githurai,” akasema. Akafikiria. “Suruali utaniletea.”

Kisilu akabaki na shati lililokatika mikono, siri ambayo koti lilikuwa limeitunza kwa miaka. Alitazama njia ya Ruiru: Macharia. Njia ya Githurai: Kaleli. Alimtazama Tahir, ambaye alikuwa akipakia sufuria ndogo kwenye pikapu.

“Tahir, ndugu yangu. Unifikishe hata Mugutha tu.”

“Naenda Ngoliba, buda. Na kiti cha mbele kimejaa wagonjwa wa kurudisha kutoka hospitalini.” Tahir akawasha gari, akaona haya, akazima. “Lakini kesho asubuhi natafuta mtu wa kubeba. Magunia ya kweli, yale mazito. Ukitaka.”

Akaondoka. Mchana ulikuwa umesonga, jua limeegemea mabati, na harufu ya githeri ilikuwa imejaa uwanja wote. Kisilu akakumbuka kwamba tangu asubuhi, kwa furaha ya biashara, hakuwa ametia kitu kinywani. Akamsogelea Amida pembeni ya moto.

“Mama,” akasema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na sentensi ya pili.

Amida alimtazama shati, akamtazama viatu. “Laini inaanzia kule,” akasema.

Akaenda kule. Mzee Kitheka alivua kofia kwa mazoea, akamwona bila koti, akairudisha kichwani na kumpisha asimame mbele yake. Laini ikasogea. Ilipofika zamu yake, aliyeshika upawa alikuwa Bi. Idah. Alikuwa amewajazia watu wote mpaka ukingoni, kwani ngemi bado zilimlia masikioni na alikuwa hajaamua kama ameibiwa au ametukuzwa. Alipoinua macho akamwona ni nani, akaamua.

Akauzamisha upawa mpaka chini kabisa ya sufuria, akakwangua, akakwangua tena, akapandisha ukoko mweusi wenye punje mbili za maharagwe, akauangusha katika bakuli lake, to!

“Shika riba yako,” akasema.

Kisilu akaipokea. Akaenda akakaa chini ya ukuta pamoja na wazee wa Ngoliba, wakamsogezea nafasi kwenye kivuli, naye akala yote, pamoja na ile iliyoungua.